Majivu Yalimwagwa Wapi?

Jumamosi, 2 Machi 2024. Uthiru

Nimeamua kupanda chai hapa uani, na sitaichuma. Nataka mti. Mama alipolisikia hilo aliniuliza kama siku hizi sukuma wiki hainishibishi.

Sisi wa Nairobi tunaijua chai ya kimo cha kiuno. Ukitoka mjini kwa Limuru Road na kukaribia Tigoni, mashamba yanakulaki yakiwa yamelingana juu kama meza, na ni rahisi kudhani mmea uliumbwa hivyo. Kimo hicho ni cha kisu na vidole. Chai ni kamelia, ndugu wa yale maua ya bustani za Japani, na makao yake ni misitu ya kusini mwa China, Burma na kaskazini mashariki mwa India. Wasingpho wa Assam walikuwa wakiinywa kutoka kwenye miti ya porini kabla Mskoti Robert Bruce hajaonyeshwa miti hiyo mwaka 1823. Chai yetu nyingi imetokana na aina hiyo ya Assam, yenye majani mapana. Ikiachwa bila kukatwa hupita mita kumi, yaani itapita paa la vyumba vya wapangaji na kuendelea.

Kwa mwinuko tuko salama. Makao makuu ya idara ya hali ya hewa pale Dagoretti Corner yako karibu mita 1,800 juu ya bahari, na chai ya Kenya hulimwa kati ya mita 1,500 na 2,700. Wasiwasi wangu ni mvua. Chai inataka milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka, tena zigawanyike. Hapa kwetu ni kama 1,000, nazo huja kwa vishindo viwili kisha kimya. Itabidi nimwagilie, na nifunike ardhi kwa majani makavu. Ya mgrevilea hayakosekani.

Jumamosi, 9 Machi

Shangazi amekuja kutoka Lari. Amekuwa akiuzia kiwanda cha Kagwe majani tangu nikiwa shule ya msingi. Nilimngoja amalize chai ndipo nikamwomba.

“Shangazi, nakuomba vipandikizi. Vichache tu.”

“Vya kufanyia nini, mwanangu?”

Nikamweleza. Hakucheka kama Mama. Alitazama nje ya mlango, akamgeukia Mama: “Hapa mlikuwa mkimwaga majivu wapi?”

Sikutarajia swali hilo, lakini ndilo la kwanza kwa mtu wa chai. Kule kwao kila mkulima anajua kwamba mahali palipokuwa na nyumba ya zamani, au zizi, au tanuri la makaa, chai haikubali. Inageuka manjano, inadumaa, nyingine inakufa, hata kama nyumba yenyewe ilibomolewa miaka mingi iliyopita na hakuna aliyebaki wa kuikumbuka. Shangazi ana kiraka cha duara katikati ya shamba lake ambapo mashina yalikufa, akayapandikiza tena, yakafa tena. Ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake. Sasa pana nyasi za ng’ombe, na watoto wakitumwa kuzikata huambiwa waende “kwa nyanya”.

Majivu yana kalisi na potasiamu, na huondoa ukali wa udongo. Mimea mingi hufurahia. Chai inautaka ule ukali: pH ya kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Tena ni mmoja wa mimea michache inayojilimbikizia aluminiamu majanini, na aluminiamu haiyeyuki vizuri ila kwenye udongo mchachu. Mahindi yangeona sumu hapo.

Mama alijibu kwamba hakumbuki. Baadaye, akiosha vikombe, akasema, “Nyanya yako hakuwa na pahali pamoja.”

Jumamosi, 16 Machi

Leo tumelisoma eneo letu kwa maua. Mama ana haidrenjia, moja kando ya ukuta wa mbele na nyingine huko chini karibu na mparachichi. Zilitoka kwenye kichaka kimoja, zawadi ya jirani. Ya ukutani huchanua waridi. Ya chini ni bluu. Miaka yote nilidhani jirani alituchanganyia. Kumbe haidrenjia huonyesha rangi ya bluu pale inapoweza kunyonya aluminiamu, na saruji ya ukuta inaimwagia ile ya mbele chokaa kila mvua ikinyesha.

Kwa hiyo juu hapafai, na ni mahali ambapo ningependa mti uwe, uonekane na anayeingia.

Kisha nikamwomba Mama atembee nami. Alipoikanyaga ardhi yenyewe, kumbukumbu ilirudi. Jiko la nyanya, lile la mafiga matatu, lilikuwa pale lilipo tangi la maji. Majivu ya asubuhi yalikwenda chooni. Ya jioni yalimwagwa kwenye vitunguu na kwenye viazi, kufukuza wadudu. Siku za baridi alimwaga tu mlangoni, ili watu wasiteleze. Nikachora ramani nyuma ya risiti ya stima. Ukitoa yote hayo, pamebaki kipande cha chini, upande wa mparachichi, ambako alikuwa akifunga mbuzi kwa kamba, leo hapa kesho pale.

Nimechukua udongo kutoka sehemu mbili, penye tangi na penye mparachichi, nikauweka kwenye mifuko miwili. Jumatatu nitaupeleka maabara ya kilimo ya Kabete, pembeni mwa Waiyaki Way. Miaka yote napita hapo kwa matatu bila hata siku moja kuwa na sababu ya kushuka.

Ijumaa, 22 Machi

Mjini. Nilitoka kazini mapema nikanywa chai ya mwanamke wa thamosi, Moi Avenue, tukitazamana na jengo la KTDA. Jengo la wakulima wa chai, kilomita nyingi kutoka kwenye shina la karibu. Nilimuuliza kama amewahi kuliona ua la chai. Alinitazama kuona kama namtania. “Chai ina maua, customer?”

Mnada wa chai ulianzia hapa Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, karibu na meli. Tangu hapo mji huu umebaki na ofisi, barua na thamosi. Chai ya mwanamke yule ilikuwa nzito, ya rangi ya matofali, ya vumbi la CTC, yaani majani yaliyosagwa kwa mashine, na tangawizi ya kutosha. Nzuri. Sina ugomvi nayo. Ninachosema ni kwamba nchi nzima inaamka na mmea huu, na ukimpa mtu wa Nairobi tawi lake lenye ua atakwambia hajawahi kuliona.

Jumamosi, 30 Machi

Vipandikizi vimefika, ndani ya gunia lililolowa, kwa gari la mtu anayeleta maziwa. Ni aina ya 6/8, ile inayosifiwa kwa ladha. Shangazi ana mashina kadhaa pembeni ambayo huyaacha miezi sita bila kuchumwa, kwa ajili ya mbegu. Anasema “mbegu” ingawa ni vijiti.

Alinipa maagizo kwa simu, na nayaandika hapa kabla hayajanitoka. Ufito mrefu una sehemu tatu. Ncha ni laini mno, itaoza. Shina la chini limeshakuwa gumu na kahawia, litachelewa. Kata katikati tu. Kila kipande kiwe na jani moja, na kijiti cha sentimita tatu au nne chini yake, mkato uwe wa mshazari, kisu kiwe kikali kiasi cha kutovuta ngozi. Kipande kikikatwa kinaingia kwenye ndoo ya maji hapohapo. Usikiache juani hata unapopokea simu.

Udongo ndio uliomshangaza Mama. Shangazi alikataza samadi kabisa. Vikaratasi vya miche vinajazwa udongo wa kina kirefu, mwekundu, usio na rutuba, ule ambao mtu wa mboga angeutupa. Kipandikizi hakina mizizi ya kulia chochote, mbolea itakiozesha. Nilichimba chini ya mparachichi mpaka jembe likaanza kutoa wekundu mtupu, nikaupepeta.

Kijiti kinaingia wima, jani lisiguse udongo. Ukimaliza, unamwagilia vizuri, unapinda fito juu ya miche, unafunika kwa nailoni inayopitisha mwanga, na kuzika kingo zake ardhini pande zote hewa isipite. Juu tena unaweka kivuli. Mimi nimeweka majani ya mgomba na gunia. Halafu unaacha. Shangazi alirudia hilo. Unafungua kila baada ya wiki tatu hivi kuangalia unyevu, na kung’oa magugu, na kufunga tena. Anayefunguafungua ndiye anayeua.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Wiki hii maji yamechukua watu Mathare na mitaa mingine ya bondeni, na ni vigumu kuandika habari za miche. Kazini nusu ya viti vilikuwa vitupu.

Upande wetu wa magharibi udongo ni mwekundu, wa kina kirefu, unanywa maji na kuyapitisha. Ukivuka kwenda Embakasi au Athi River unakutana na ule mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hata ungeutia dawa gani, chai haitakaa humo. Mizizi yake haivumilii kusimama majini. Tofauti hiyo unaiona ukiwa kwenye basi: nyumba zenye bustani kubwa zilijengwa juu ya wekundu. Walioupanga mji huu walijua udongo upi ni wa nani.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefungua. Kipandikizi kimoja niliking’oa makusudi. Chini ya mkato pana uvimbe mweupe, na kutoka humo nyuzi tatu za mizizi. Majani bado ni yaleyale yaliyotoka Lari, ya kijani iliyoiva, na kwapani mwa baadhi kuna chipukizi la ukubwa wa punje ya mchele.

Mwenye mkokoteni alipita akiuza maji ya kisima. Nilinunua ya kufulia. Maji ya visima virefu vya Nairobi yana magadi, na magadi ni ndugu wa majivu; kwa chai ni afadhali ya mfereji, na bora zaidi ya mvua. Maji ya mfereji, yakija, mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang’a, kwenye nchi ya chai. Yakija.

Jumanne, 25 Juni

Sikwenda mjini, kwa sababu ya maandamano. Redio tangu asubuhi. Mpwa wangu alikuwa huko na alirudi usiku kwa miguu, macho mekundu, bila kiatu kimoja. Tumemshukuru Mungu.

Jumamosi, 20 Julai

Limuru, na baridi yake. Shangazi alikuwa na msiba Ngarariga, nikamsindikiza, na baada ya mazishi tukatembea taratibu kuelekea barabara kuu. Hapo ndipo nilipouona mti wa chai. Ukingoni mwa shamba la mtu, kando ya mtaro, safu ya chai iliyosahaulika: mashina ya unene wa paja, gome la kijivu laini lenye madoa ya ukungu mweupe, matawi juu ya nyaya za simu. Nilisimama chini yake nikaangalia juu. Majani ya chai yakiwa mbali na uso wako hujui ni ya chai.

Na maua. Meupe, petali tano sita, katikati shada la nyuzi za manjano, yote yanatazama chini. Harufu ni hafifu, tamu kidogo. Nyuki walikuwepo hata na ile baridi.

“Aibu,” akasema Shangazi.

“Nini?”

“Chai kuchanua hivi. Hapa wenyewe walihama, au wana njaa.”

Kwa mchumaji ua ni hasara. Shina linalochumwa vizuri na kulishwa nitrojeni huelekeza nguvu zake kwenye majani mawili na chipukizi. Likikosa mbolea, au likiachwa, au likihisi ukame, linaanza kuhangaikia uzao. Shangazi akiona maua mengi shambani mwake anajua kuna kitu hakwenda sawa, na majirani nao wanajua. Ninachokitaka mimi, yaani kimo, kivuli, ua, mbegu, ndicho anachokatia kisu maisha yake yote. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema basi nisimwalike siku litakapochanua.

Mti mmoja kama huu ungeweza kuwa na umri wowote. Chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa hapahapa Limuru na ndugu wa familia ya Caine, mwaka 1903, kwa mbegu za India, na inasemwa baadhi ya ile ya kwanza bado imesimama kwenye shamba la Mabroukie, miti mirefu. Mwaka 1918 Arnold Butler McDonell alianza kuilima Kiambethu, jirani tu. Babu zetu waliruhusiwa kuichuma. Kuipanda iwe yao, hapana, mpaka miaka ya hamsini. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati kule Nyeri, kilifunguliwa mwaka 1957. Labda ndiyo sababu Shangazi haoni cha kupendeza kwenye mti ulioachwa. Shina lake lilipatikana kwa shida, huliachi likajiendea.

Nilichukua tunda moja kavu lililopasuka. Lilikuwa tupu.

Jumamosi, 14 Septemba

Miche sasa iko wazi. Nilianza kwa kufungua nailoni upande mmoja, wiki iliyofuata pande mbili, hivyohivyo mpaka ikazoea. Mingi imesimama. Itangoja mvua za Machi mwakani ndipo iingie ardhini. Haraka haina faida.

Majibu ya Kabete nilikuwa nayo tangu Mei, nikayasahau ndani ya bahasha. Penye tangi pH ni 6.7. Penye mparachichi 5.4. Nyanya amejibu.

Ila kuna jambo jingine. Miche yangu yote ni ya 6/8 ya Shangazi, kwa hiyo ni mmea mmoja uliorudiwa. Na ua la chai kwa kawaida linakataa chavua yake lenyewe. Nikiipanda yote itachanua, nyuki watakuja, na hakuna mbegu ya maana itakayopatikana. Inahitaji mwenzake wa damu nyingine. Nimeuliza, na nafikiri nitatafuta ile ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Majani yake machanga yana rangi ya biringanya. Hao watafiti wana mkusanyiko wa ndugu wengine wa chai pia, kama Camellia japonica yenyewe na Camellia irrawadiensis ya Burma, wanaotunzwa kwa ajili ya damu yao.

Mbegu ndiyo ninayoitaka hasa. Mche wa kijiti hutoa mizizi ya pembeni. Wa mbegu una mzizi mkuu unaokwenda chini moja kwa moja, na mti wa mita kumi unauhitaji. Tena kila mbegu ni mtu wake. Hakuna kiwanda kingeitaka. Tunda huchukua karibu mwaka kukomaa, kisha linapasuka. Mbegu unazitia kwenye maji: zinazoelea tupa, zinazozama panda upesi kwenye mchanga wenye unyevu, kwa maana mbegu ya chai ikikauka imekufa. Huwezi kuiweka kwenye bahasha ukamtumia mtu mwakani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bonasi ya wakulima wa chai imetoka. Shangazi alipiga simu, hakutaja kiasi, akauliza bei ya mabati. Kisha: “Na zile za kwako zimekua?” Nikamwambia za shibri. “Usizipe mbolea ya CAN,” akasema. “Hiyo ni ya mahindi.” Ina chokaa ndani. Ameniahidi kikopo cha mbolea ya chai, 26:5:5, kutoka kwenye gunia lake.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimechimba mashimo mawili upande wa mparachichi, futi mbili kwenda chini, na kuyaacha wazi mvua iyapige. Juu ya eneo lote nimenyunyiza salfa kidogo, ingawa 5.4 inatosha. Vijidudu vya ardhini huigeuza polepole kuwa tindikali, kwa hiyo ni kazi ya kufanya miezi kabla. Shina la mgrevilea lililokatwa mwaka juzi nimeling’oa na mizizi yake mpaka mwisho. Visiki vinavyoachwa kuozea ardhini hulea ukungu wa Armillaria, na ukungu huo huvuka kwenda kwenye chai.

Kaka yangu amekuja na fundi. Anataka kuweka ukuta wa mawe upande wa chini, penye ua wa michongoma, na tayari lori limemwaga mchanga, kokoto na mifuko ya saruji mita mbili kutoka kwenye mashimo yangu. Nilimwonyesha haidrenjia. Nilimwonyesha karatasi ya Kabete.

“Hiyo chai italeta pesa ngapi?”

“Hakuna.”

Alinyamaza, akahesabu kitu. Fundi alisema msingi unaweza kusogea futi tano kwenda nje bila kuvuka bikoni, akatoa kamba kupima, na ni kweli. Tumekubaliana: ukuta usogee, upande wa ndani usipakwe chokaa, na saruji ichanganyiwe kule juu penye tangi, mahali ambapo hapaharibiki tena. Gharama ya vibarua wa kuhamisha mchanga ni yangu. Wanaanza Jumatatu saa moja.